Nyumba ya Kidole Kimoja

Kwa miaka ishirini na mbili Kavinya hakupiga msumari ukutani, na aliyeiandika amri ya kumkataza ni yeye mwenyewe, kwa vidole vyake kumi. Alikuwa mpiga chapa katika chuo cha ufundi kilichokuwa upande wa pili wa barabara ya Outer Ring. Siku alipoajiriwa, kazi ya kwanza aliyokabidhiwa ilikuwa kuchapa masharti ya nyumba za wafanyakazi. Sharti la nne lilisema ni marufuku kupiga msumari, kutoboa au kuning'iniza kitu chochote katika ukuta wa nyumba ya chuo. Alichapa nakala tano kwa karatasi za kaboni, hakukosea hata herufi moja, na jioni alipofunguliwa chumba chake akaikuta nakala mojawapo nyuma ya mlango. Imegongelewa kwa msumari.

Mumewe, Kisilu, alicheka mpaka akakaa chini. Kisilu alikuwa mchongaji, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache, na mwaka uliofuata alichonga fremu ya saa ya ukutani kwa mti wa muhugu, ukingoni akiizungushia masuke ya mtama. Ilikuwa kazi ya miezi mitatu. Kavinya alipomuuliza wataitundika wapi, alisema, "Tutaitundika tukipata ukuta wetu." Akaifunga kwa magazeti, akaisukuma chini ya kitanda. Mwaka wa themanini na sita kifua kikamchukua Kisilu, na ile saa ikabaki palepale. Kila Krismasi Kavinya aliitoa, akaifuta vumbi, akaibadilishia magazeti. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye hakuwa na ufa wala ukuta.

Halafu ukaja mwaka wa tisini na nne, serikali ikaanza kupunguza watu kazini. Barua za kustaafisha watu mapema zilichapwa na nani? Na Kavinya. Zilikuwa arobaini na moja, na majina alipewa kwenye orodha iliyoandikwa kwa mkono. Barua ya kumi na saba ilikuwa yake. Alilichapa jina lake, akachapa tarehe ya kuhama nyumba ya chuo, thelathini Septemba, akasoma tena kuona kama kuna kosa. Hakukuwa na kosa. Akaitoa karatasi kwenye mashine, akaingiza nyingine kwa ajili ya mtu wa kumi na nane. Mwingine angeitupa taipureta dirishani.

Basi alikuwa na wiki saba za kutafuta pa kuishi. Mwanawe, Kyalo, alikuwa dereva wa lori Mombasa, akamwambia, "Mama, njoo ukae na sisi." Kavinya akakataa. Alikuwa amekaa kwa watu miaka ishirini na mbili, akasema, na safari hii atakaa kwake au atalala kanisani. Alijumlisha kiinua mgongo, akiba yake ya ushirika, na bei ya kipande cha shamba la Kisilu ambacho Kyalo mwenyewe alikubali kiuzwe. Haba na haba ilikuwa imejaza kibaba, na kibaba kilikuwa laki sita. Hapakuwa na senti nyingine mahali popote duniani yenye jina lake.

Ila kununua nyumba karibu na chuo kile ilikuwa vita. Wanafunzi walikuwa wengi kuliko vitanda, na mtaa mzima ulikuwa umegeuka kuwa wao. Kuanzia Donholm mpaka Tena ulikutana na vibanda vya fotokopi, vibanda vya chapati na maharagwe, na madirisha yenye kipande cha boksi kilichoandikwa "Chumba cha mwanafunzi kipo". Wenye pesa walinunua nyumba, wakakata sebule kwa plaiwudi vyumba vinne, na kila chumba kikalipa kama nyumba. Bingwa wao alikuwa Makau, mwenye bucha soko la Burma, ambaye alipima nyumba kwa macho kama alivyopima paja la ng'ombe. Kwa watu wa namna hiyo, mpiga chapa aliyestaafishwa alikuwa si kitu.

Dalali mmoja kijana aitwaye Tobias ndiye aliyempeleka Tena. "Mathe," alimwambia njiani, "hii hao, hii nyumba, ikikupita usinilaumu. Mwenyewe ni mama Msomali, anahamia Isiolo. Hana maneno mengi lakini hapendi dalali."

"Kwa nini hapendi dalali?"

"Anasema baba yake alikuwa dalali. Sasa mimi nitamdanganya na nini?"

Mwenye nyumba aliitwa Raho. Alikuwa mzaliwa wa Isiolo, mwanamke mrefu wa umri wa Kavinya, na nyumba ile aliinunua kwa jasho lake la kuuza vitambaa Eastleigh. Mumewe, Aweys, alikuwa ameshatangulia Isiolo kufungua duka la jumla, na mama yake Raho huko alikuwa amepofuka na hakutaka kushikwa mkono na mtu mwingine ila binti yake. Ndiyo maana alikuwa anauza. Walipoingia, walimkuta amesimama juu ya kiti, misumari mdomoni, anarekebisha pazia. Akawakaribisha kwa kichwa. Kisha akachukua msumari mmoja, akauweka ukutani, akaupiga mara tatu, akashuka.

Kavinya alibaki ameutazama ule msumari. Raho hakuwa ameangalia mlangoni kwanza, wala hakuwa amemuuliza mtu. Aliupiga tu, jinsi mtu anavyojikuna. Kavinya alihisi nywele za mkono zinamsimama, na hakuona haya kusema baadaye kwamba pale ndipo alipoipenda nyumba, kabla hajaona hata jikoni.

Jikoni alipoonyeshwa kulikuwa na mfereji. Alifungua maji yakatoka, akafunga, akafungua tena. Kulikuwa na vyumba viwili vya kulala, uani kilikuwepo chumba cha tatu chenye mlango wake, ndiko alikokaa binti wa Raho, Kawsar, aliyekuwa anaanza masomo ya miaka miwili pale chuoni. Kulikuwa na sebule yenye ukuta mrefu mweupe unaoangalia mlango. Kavinya aliuwekea ukuta ule kiganja. Ulikuwa na baridi nzuri.

"Mama Kawsar," akauliza polepole, "huu ukuta ni wako kabisa?"

Raho akamtazama kuona kama anafanyiwa mzaha, akaona hafanyiwi. "Mpaka chini kwa msingi," akasema. "Na hewa ya juu yake pia."

Walipatana wakutane Jumamosi alasiri kusema bei. Siku hiyo Tobias alikuja na kalamu na karatasi, amevaa tai. Raho akamwambia aiweke kalamu mfukoni.

"Baba yangu alikuwa dalali wa ngamia," Raho akamwambia Kavinya. "Hakuzaa mvulana, akanifundisha mimi mkono. Bei ikisemwa kwa mdomo inasikiwa na kila mtu, na kesho jirani anakucheka. Ikisemwa kwa mkono inabaki kati yako na mimi. Umewahi kuhesabu kwa vidole?"

"Mimi Mkamba, Mama Kawsar," Kavinya akajibu, na shingo ikamrefuka kidogo. "Hata sisi vidole tunavyo."

Na ni kweli walikuwa navyo. Susu yake, yaani bibi yake, hakuwahi kuhesabu mbuzi kwa mdomo, maana mnyama akihesabiwa kwa sauti hupata balaa. Alikuwa akisimama mlangoni mwa zizi jioni na kuonyesha kwa mikono tu. Kuanzia moja mpaka tano alinyoosha vidole. Ikifika sita, alikishika kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia. Saba, akashika vidole viwili. Nane, vitatu. Kavinya alijifunza hayo kabla hajajua kusoma, na hakuwahi kufikiri kwamba duniani kuna watu ambao vidole vyao vinasema mengine. Ungekuwa wewe, ungefikiri?

Raho akakaa karibu naye kwenye kochi, akaitandaza shali yake kubwa juu ya mapaja yao, na mikono yao ikakutana gizani chini ya kitambaa. Tobias akainua shingo kama bata. Raho aliushika mkono wa Kavinya wote mzima, akauachia, kisha akashika vidole vitatu vya mwisho. Kavinya alidhani ule mkono mzima ni salamu. Vile vitatu akavielewa vizuri sana: nane. Moyo ukamshuka.

Laki nane hakuwa nazo. Lakini biashara haigombi, akajiambia, na aliyeulizwa hujibu. Akakitafuta kidole cha mwisho cha Raho, akakifumbata peke yake katika kiganja, akakibana ili kisikosewe. Sita.

Mkono wa Raho ukatulia. Akageuka, akamtazama Kavinya usoni kwa muda mrefu, na macho yake yakawa makubwa.

"Ndivyo unavyosema?"

"Ndivyo."

"Mama Kyalo, una hakika? Hakuna aliyekulazimisha?"

"Ndiyo yote niliyo nayo," Kavinya akasema. "Mungu ananiona."

Machozi yakamlenga Raho. Akautoa mkono wake nje ya shali, akaushika wa Kavinya mbele ya Tobias, akautikisa mara moja kwa nguvu. "Bismillahi. Nimeuza."

"Ngapi?" Tobias akaruka. "Mama, ni ngapi? Mimi pia nina haki yangu hapo!"

"Utajua kwa wakili."

Chai haijapoa, Makau wa Burma akabisha hodi, akaingia na harufu ya bucha. Alikuwa amesikia nyumba inauzwa. Aliupima ukuta mweupe kwa hatua zake, akahesabu vyumba vinne kichwani, akasema kwa sauti bila kuulizwa, "Laki tisa. Leo. Taslimu."

Kavinya alihisi kochi linazama. Tisa! Mkono ulikuwa umeshikwa, lakini mkono si hati, na ni nani atakayeacha tisa kwa sababu ya sita?

"Nimeshauza," Raho akasema.

"Kwa nani?"

"Kwa huyu."

Makau akageuka akamwona. Walikuwa wa nyumbani kumoja, wakijuana kwa uso. "Mama Kyalo! Nyumba kubwa namna hii utafanyia nini? Utacheza bao na kivuli chako?" Kisha kwa Raho: "Mama, tisa ni tisa. Fikiria."

"Nimefikiria," Raho akasema, na akatabasamu tabasamu la mtu aliyeshiba. "Kunywa chai, Bwana Makau. Nyumba imekwenda."

Kavinya alitembea kurudi chuoni hajui miguu iko wapi. Mwanamke asiyemjua, wa dini nyingine na kabila jingine, amekataa laki tisa mbele ya macho yake ili amuuzie yeye kwa sita. Alifika, akakaa kitandani, akaitoa saa ya Kisilu chini ya kitanda, akaipakata na magazeti yake. Alistaajabu mpaka akaogopa. Kesho yake kanisani alisimama kutoa ushuhuda, yeye ambaye katika miaka ishirini na mbili hakuwahi kusimama, akasema, "Nimemwona mtu ambaye mkono wake ni mkubwa kuliko tamaa yake," na kina mama wakapiga vigelegele.

Sasa, siku hiyohiyo, Eastleigh, Raho alikuwa anafunga mizigo dukani na kuwasimulia wenzake habari za ajabu. Baba yake alikuwa na kisa alichokirudia mpaka kufa: kwamba aliwahi kumwona mnunuzi mmoja, mmoja tu maishani, aliyetajiwa bei ya ngamia, akaona ni ndogo kuliko ngamia, akaona aibu, akaipandisha mwenyewe. Raho hakuwahi kukiamini. "Na jana," akawaambia, "nimemwona kwa macho yangu. Mjane. Amefukuzwa kazi. Nimemtajia nane, amenijibu kumi!" Maana katika mkono wa madalali wa ngamia mkono mzima ni tano, na kidole kimoja ni moja, lakini sufuri hazishikwi kwa sababu kila mtu anazijua. Anayetajiwa nane akajibu moja hawezi kuwa na maana ya laki moja, isipokuwa awe mwendawazimu. Ana maana ya kumi. Wenzake Raho wakaguna, wakasema sifa ni za Mungu, na habari za mjane wa Tena zikaenda duka kwa duka mpaka barabara ya pili.

Wiki nzima wanawake wawili hawa walisifiana mgongo kwa mgongo hivyo, na katikati yao Tobias hakulala, akijiuliza haki yake ya kumi kwa mia itakuwa ya ngapi.

Walikwenda kwa wakili siku ya Jumatatu ya wiki iliyofuata, zikiwa zimebaki siku kumi na moja Septemba iishe. Wakili aliitwa Teresiah, mama mfupi mwenye ofisi juu ya duka la dawa, na mpiga chapa wake alikuwa likizo ya uzazi. Teresiah akajaribu kuuchapa mkataba mwenyewe kwa vidole viwili, akiitafuta kila herufi kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Kavinya alivumilia mistari mitatu.

"Niachie, mama," akasema. "Wewe sema, mimi nichape."

Akakaa, akaingiza karatasi tatu na kaboni mbili. Vidole vikaanza kukimbia, na Teresiah akasahau kusema kwa kuvitazama. Kavinya alikuwa amechapa maisha ya watu wengine miaka ishirini na mbili, na barua ya kumwondoa alikuwa ameichapa pia. Leo alikuwa anachapa nyumba yake. Jina lake lilipotokea kwenye karatasi, mnunuzi, alihisi joto mpaka masikioni.

"Kwa bei ya shilingi..." Teresiah akasema, akamgeukia muuzaji.

"Milioni moja," Raho akasema.

Mashine ikanyamaza.

"Ngapi?" Kavinya akauliza bila kugeuka.

"Milioni moja. Laki kumi. Ulivyosema mwenyewe."

"Mimi? Mama Kawsar, mimi nilisema sita!"

"Sita?" Raho akasimama. "Sita umesema lini? Ulinishika kidole kimoja!"

"Kidole kimoja si ndiyo sita!"

"Kidole kimoja ni sita wapi? Katika dunia gani?"

"Kwetu!" Kavinya akasema, akakishika kidole chake cha mwisho, akakiinua mbele ya uso wa Raho. "Thanthatu. Sita. Susu yangu alihesabu mbuzi hivi. Saba. Nane. Wewe ulinishika vitatu, nane, nikakujibu sita!"

Raho akaitazama ile mikono. Akanyoosha wake juu ya meza ya wakili, akaushika wote mzima kwa mkono mwingine. "Hii ni tano," akasema polepole. Akashika vitatu. "Tano na tatu, nane." Akashika kimoja. "Moja. Au kumi." Akakaa. Tobias alijishika kichwa. Teresiah alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili aone vizuri.

Hapakuwa na mwizi mle ndani, na ndilo lililokuwa gumu. Angekuwepo mwongo mmoja, wangemwita mwongo wakamaliza. Kavinya alijua kwamba chini, kando ya duka la dawa, kuna kibanda cha simu, na kwamba Makau bado ana tisa zake taslimu. Raho alihitaji kushuka ngazi tu. Akawaza thelathini Septemba, na ule ukuta wenye baridi nzuri, akaona unaondoka.

"Mama Kawsar," akasema, "ninazo sita. Nikikuambia nitaongeza nitakuwa nakudanganya, na mimi na wewe hatujadanganyana mpaka sasa. Muuzie Makau. Sitakulaumu."

Raho akauliza, "Siku ile nilipomkatalia Makau na tisa zake mbele yako. Ulifikiri nini?"

"Nilifikiri sijawahi kuona mtu kama wewe," Kavinya akasema. "Nimekusema kanisani. Watu wamekupigia vigelegele."

"Kanisani?"

"Kanisani."

Raho akafunika uso kwa shali. Mabega yakaanza kumtikisika, na Kavinya akadhani analia, mpaka kicheko kikamtoka. "Na mimi," akasema, "na mimi nimekusema Eastleigh yote! Barabara ya kwanza mpaka ya pili! Nimewaambia nimempata mnunuzi wa hadithi ya baba. Sasa nirudi niwaambie nini? Kwamba tulikuwa tunashikana vidole kama vipofu?" Akacheka mpaka akajifuta macho, na Kavinya akacheka naye huku machozi yakimtoka, maana mtu hujua kucheka hata kaburini.

Kisha Raho akanyamaza, akawa mtoto wa dalali tena. Akauvuta mkono wa Kavinya juu ya meza, mchana kweupe, bila shali, akashika vidole vitatu.

"Hii kwenu ni ngapi?"

"Nane."

"Kwetu pia ni nane, ukitanguliza mkono mzima. Hapa tu ndipo mikono yetu ilisema neno moja. Basi bei ni nane. Ndiyo niliyotaka tangu mwanzo. Kumi sikuiomba, na mwenye tisa simtaki, atakatakata nyumba yangu kama mbuzi."

"Lakini mimi sina—"

"Ngoja. Kawsar ana miaka miwili ya chuo. Nilikuwa nimpeleke kwa shangazi yake Eastleigh, atoke alfajiri kila siku, magari mawili kwenda na mawili kurudi. Moyo wangu haukutaka. Abaki chumba chake cha uani. Ale kwako, awe ndani kabla ya magharibi, ukimwona anakwenda kombo umwambie kama mama yake. Mwaka mmoja, laki moja. Miaka miwili, laki mbili. Na nguruwe asiingie jikoni."

"Nguruwe sijawahi kumpika," Kavinya akasema. "Hata Kisilu hakumpenda." Akafikiri. "Atakula isyo?"

"Isyo ni nini?"

"Mahindi na maharagwe."

"Alaa, hiyo atakula. Na kama hataki atajifunza."

Teresiah akakohoa, akasema kisheria jambo hilo linawezekana kabisa, likiandikwa vizuri. Kavinya akaigeukia mashine. Akachapa laki nane kwa maneno na kwa tarakimu, na kifungu cha saba akakitunga mwenyewe, kwamba mnunuzi atamlea binti wa muuzaji katika nyumba hiyo mpaka amalize masomo. Hakukosea hata herufi. Tobias aliuliza kama malipo yake yatahesabiwa kwa nane au kwa sita, wanawake wawili wakamtazama, akasema hata chai ingetosha.

Raho aliondoka Nairobi siku ya ishirini na tisa. Alipomwachia ufunguo, aliushika mkono wa Kavinya wote mzima na hakuuachia haraka, na Kavinya hakujaribu kuuhesabu.

Kesho yake, mchana, mkokoteni ukaleta kitanda, meza, sufuria na ile saa. Kavinya aliwalipa wenye mkokoteni, akafunga mlango, akabaki na ukuta. Alifungua magazeti ya Krismasi iliyopita. Masuke ya mtama ya Kisilu yakatokea, yanang'aa kama jana. Akatia betri. Akapanda juu ya kiti na nyundo na msumari, akapima katikati kwa macho, akaweka msumari, akainua nyundo, na mkono ukakataa kushuka.

Alikuwa anasikiliza hatua mlangoni. Hapakuwa na hatua. Alitazama nyuma ya mlango, kwa mazoea, hapakuwa na karatasi. Basi akapiga. Plasta kidogo ikamwangukia miguuni. Akapiga tena, na tena, na msumari ukaingia, na hakuna aliyekuja kumuuliza. Akaitundika saa, akashuka, akarudi nyuma hatua tatu. Ilikuwa saa nane na dakika kumi, katika nyumba yake. Akakaa sakafuni na kuitazama, na hofu njema ikamjaa, ile inayomjaa mtu anaposikia jina lake likiitwa kwa heri asiyoitegemea. "Kisilu," akasema kwa sauti. "Ukuta huu hapa."

Mlango wa uani ukabishwa hodi. Alikuwa Kawsar, amevaa mtandio wa kijani, mkononi ana ratiba yake ya masomo iliyokunjwa mara mbili. Alikuwa amesikia nyundo, na alisimama kizingitini akisitasita, msichana aliyelelewa katika nyumba ileile na kucheza katika sakafu ileile.

"Mama Kyalo," akasema, "naomba ruhusa. Naweza kupiga msumari chumbani? Wa kutundikia ratiba. Mmoja tu."

Kavinya akamtazama. Katika miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumwomba ruhusa ya ukuta. Akainuka, akamwekea nyundo mkononi. Kisha akakishika kidole chake cha mwisho, akamwonyesha.

Kawsar akacheka. Kisa alikuwa amesimuliwa na mama yake. "Hiyo ni mmoja, Mama, au ni kumi?"

"Hapa ni kwangu," Kavinya akasema. "Hapa ni sita. Piga yote."